Tripu Tatu za Mawe Nilizozipunguza Bunda

Kamunyonge, Jumanne, baada ya chakula cha mchana

Nyangeta mwanangu,

Juzi uliniuliza kitu nikakujibu hovyo. Ulikuwa umekalia ndoo uliyoigeuza, daftari mapajani, unanitazama nikikadiria mawe ya ukuta wa bustani ya jirani yetu wa bondeni. Ukasema, "Baba, mbona ukishamaliza hesabu ya mawe unaongezaga robo nzima? Chuoni hatukufundishwa hivyo." Nikakujibu neno moja, "Uzoefu," halafu nikajifanya nimeitwa nje. Hakuna aliyeniita. Nilizunguka nyumba nikasimama nyuma ya choo kama mtu anayedaiwa, nikarudi ulipokuwa umeshafunga daftari.

Sasa umekwenda Butiama kumuaga bibi yako, na jioni utakuwa umerudi. Kesho alfajiri basi, na keshokutwa utakuwa Kahama, fundi sanifu mwenye kazi yake, ambaye watu watamuuliza: tunahitaji mawe kiasi gani, mchanga kiasi gani, saruji mifuko mingapi? Nataka nimalize kuandika kabla hujaingia. Tangu nianze nimeshasimama mara tano. Nimekwenda kujaribu zipu ya begi lako, nimekwenda kuangalia mawingu ya ziwani, nimerudi. Mama yako amepita hapa akasema, "Baba Nyangeta, kama hayo ni makadirio ya mteja, leo siyo siku yake." Nimemwambia ni makadirio yangu mwenyewe. Ameguna akaenda zake.

Habari za chandarua, za kutokopesha watu usiowajua, za kula asubuhi, hizo ziko mikononi mwa mama yako, na ninavyomfahamu atakupa zote mpaka mlango wa basi ufungwe. Mimi naziruka. Nina jambo moja, nalo limenikaa kooni miaka tisa.

Ili ulielewe, nianzie Rukuba. Nilikuwa kijana, sijamwoa mama yako. Mtu mmoja mwenye mitumbwi kule kisiwani alitaka kuta mbili za kushikilia udongo nyuma ya kibanda cha kuhifadhia nyavu. Nikaogopa kupungukiwa, maana kule ukikosa mfuko mmoja wa saruji huwezi kumtuma mtu dukani, unangoja boti. Basi nikabeba saruji karibu mara mbili ya iliyohitajika. Ikabaki, mvua ikainyeshea, ikaganda kwenye mifuko yake. Wavuvi wakaipanga pale ufukweni wakawa wanaikalia wakitengeneza nyavu, na mimi wakanipa jina, Fundi Viti. Jina hilo lilivuka maji likanifuata mpaka Musoma. Nilikuwa kijana mwenye majivuno, likaniuma kuliko ilivyostahili. Tangu hapo nikaapa kwamba hakuna atakayeniona nimebakiza kitu kwenye kazi. Nikawa fundi wa makadirio madogo, nikasifiwa kwa hilo, na sifa nazo zina utamu wake.

Baada ya Rukuba, nikupeleke Butiama kwenyewe. Sisi tumezaliwa juu ya mawe. Ule ukuta mfupi nyuma ya nyumba ya bibi yako, unaoshikilia shamba la mihogo, babu yako aliupanga kwa mikono, bila hata kijiko cha saruji, na upo mpaka leo. Alikuwa anapima kwa hatua zake, anaangalia mteremko, anataja idadi ya mawe, na hakosei sana. Mimi na Makuru, mdogo wangu, tulijifunzia pale. Nikaamini kwamba mtu wa Butiama hafundishwi mawe na mtu yeyote. Sikujua kwamba babu yako alikuwa anasaidiwa na udongo wa kule, ule wa changarawe, ambao mvua ikinyesha unapitisha maji unaendelea na shughuli zake.

Nimesimama tena. Upepo umeanza, nimeingiza shuka zako ndani. Narudi.

Sasa Bunda, miaka tisa iliyopita, wewe ukiwa na miaka kumi na minne. Mwalimu Perpetua, mwalimu mstaafu wa Bunda, alinipigia simu. Kiwanja chake kinaishia kwenye korongo, na kila masika korongo lilikuwa linamlia bustani. Mipapai miwili ilikuwa imeshatumbukia. Alitaka ukuta wa kuzuia udongo, urefu mita ishirini, kimo mita moja na nusu. Tukaenda mimi na baba yako mdogo Makuru. Ilikuwa kiangazi kikali. Udongo wa pale ni mbuga, ule mweusi wa mfinyanzi, na siku hiyo ulikuwa umekauka ukapasuka nyufa ambazo mkono unaingia mpaka kwenye kiwiko. Nikaupiga teke, ukagonga kama tofali. Nikasema moyoni, udongo huu unajisimamia wenyewe, ukuta ni wa kuupamba tu.

Nikapima kwa hatua, kisha kwa futi kamba ili Mwalimu aone. Unene wa wastani nusu mita, kwa hiyo ukuta wenyewe mita za ujazo kumi na tano. Msingi mfupi, nyingine tano. Ishirini. Mawe ya tipa huja na nafasi katikati yake, kwa hiyo ukitaka ishirini zilizojengwa unaagiza ishirini na tano hivi. Tipa lilikuwa linabeba nne. Tripu sita. Ukikaa sasa hivi na kikokotoo chako utaona sikukosea kujumlisha.

Makuru alikuwa amechuchumaa, mkono umo ndani ya ufa. Akasema, "Kaka, tripu sita hazitoshi. Hii ni mbuga. Ikilowa inavimbaga."

"Wewe ulishajengaga wapi huku Bunda?" nikamjibu.

"Sijajenga. Lakini nimelima. Trekta linazamaga humu mpaka kwenye ekseli." Akaanza kuhesabu kwa vidole. Tripu moja zaidi, tushushe msingi mpaka tupite tabaka linalovimba. Tripu mbili za mawe madogo, tuyamwage nyuma ya ukuta kutoka chini mpaka juu, maji yapate pa kushukia, na tupitishe vipande vya bomba kwenye ukuta yatokee korongoni. Tisa. "Maji yakikosa mlango, kaka, yanabomoaga."

Mwalimu alikuwa amesimama pale pale na mwavuli wake wa jua, anasikiliza. Nikamwona usoni aliposikia tisa. Alikuwa na mafao yake tu, na fundi mwingine alikuwa ameshampa makadirio. Nikacheka. Nikasema, "Mwalimu, huyu mdogo wangu anataka kukujengea bwawa la umeme. Ni sita tu." Mwalimu akacheka pia, kwa nafuu. Makuru akafuta mkono wake kwenye suruali, akanyamaza, kwa sababu mimi ndiye mkubwa na kwetu mdogo hambishii kaka yake mbele ya mteja. Nilitumia ukubwa wangu pale ambapo ningetumia masikio. Nilitaja idadi ambayo Mwalimu alitamani kuisikia, na nikajisikia hodari.

Tukajenga. Kazi ya mikono ya Makuru ilikuwa safi, timazi haikutikisika, saruji ilichanganywa kama inavyotakiwa, mfuko kwa mfuko. Naomba sentensi hiyo uisome mara mbili. Tulimaliza tukabakiza mawe manne tu, nami nikayaonyesha kwa fahari. Sikuacha hata tundu moja la kutolea maji, maana bomba nazo nilikuwa nimeziona ni mbwembwe.

Vuli ilianza Novemba. Wiki ya pili Mwalimu akapiga simu: ukuta umeanza kutoa tumbo. Nilikuwa hapa Musoma, juu ya jukwaa, napiga lipu nyumba ya mtu niliyemwahidi kumaliza. Nikamwambia Makuru, "Nenda wewe, toboa matundu chini, maji yatoke, mimi nitakuja Jumamosi." Akauliza, "Peke yangu?" Nikasema ni kazi ya nusu saa. Akachukua nyundo na tindo, akapanda gari la Bunda.

Alitoboa tundu la kwanza, maji yakaruka yakamlowesha kifua. Mwalimu alikuwa dirishani, ndiye aliyenieleza. Akasogea kutoboa la pili. Ukuta ukasema "kwii", ukainama, ukalala, mita saba kwa mpigo, na matope nyuma yake. Makuru aliruka, mguu wa kulia ukabaki chini ya mawe. Mfupa ulivunjika pawili na haukuunga vizuri, kwa hiyo jukwaa hawezi kulipanda mpaka leo. Ndiyo maana yuko Bunda anatengeneza baiskeli kwenye kibanda. Alikuwa mwashi mzuri kuliko mimi, Nyangeta. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote hivyo.

Sasa naingia kwenye lile lenyewe.

Ukuta unapoanguka, mtu wa kwanza kushukiwa ni saruji. Majirani wa Mwalimu waliokota vipande, wakavisugua kwa kidole gumba, wakatikisa vichwa. Kitu kilicholowa matope kutwa nzima kinaonekana kibovu hata kama si kibovu. Wakasema aliyekuwa anachanganya ni Makuru. Ikafika Butiama ikiwa imeshanenepa: Makuru aliuza saruji ya Mwalimu, Mungu kamwonyesha. Lisemwalo lipo, wakasema, na wazee wakaniita mimi, kaka mkubwa, fundi mkuu. Baba yangu mkubwa akaniuliza mbele ya ukoo wote, "Ilikuwaje? Saruji ilitosha?"

Swali lilikuwa jepesi. Ningesema: saruji ilitosha, mawe ndiyo hayakutosha, na aliyeyapunguza ni mimi, na huyu alinionya. Makuru alikuwa hospitali, hayupo pale kujitetea. Nilikuwa na kazi mbili kubwa zinaningoja mjini, na ada yako ya sekondari, na lile jina la Fundi Viti lilikuwa limesahaulika baada ya jasho jingi. Nikasema, "Wazee, mambo ya ujenzi yana mengi. Tumwache apone kwanza." Wakaitikia kwa kichwa. Walielewa nilichotaka waelewe. Sikusema uongo hata neno moja, na hilo ndilo nililojifariji nalo miaka yote hii. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ni mwaka wa tisa huu, na bado natembea.

Wewe ulikuwepo, umekaa na wanawake, unasikia. Halafu ukaja msiba wa shangazi yetu, mwaka uliofuata. Makuru alikuja na magongo. Akakunyooshea mkono akitegemea shikamoo, naye ndiye aliyekuwa anakubeba mabegani ukiwa mdogo mpaka ukamng'oa nywele. Ukarudisha mikono nyuma, ukasema kwa sauti, "Baba mdogo, saruji ya Mwalimu uliipeleka wapi?"

Nilikuwa hatua tatu kutoka pale. Makuru hakukujibu wewe. Alinitazama mimi. Alingoja, nadhani, muda wa mtu kuvuta pumzi mbili. Nikageuka nikaenda kusaidia kushusha viti kwenye gari. Tangu siku ile hajakanyaga hapa kwetu Kamunyonge, na wewe hujawahi kumsalimia, na mimi nimekuacha uamini kwamba unatetea heshima ya baba yako.

Hukukosa, mwanangu. Ulikuwa mtoto uliyempenda baba yako na ukasema ulichosikia. Kosa ni la aliyejua. Naona aibu. Ninaandika neno hili mchana kweupe, nikiwa na akili zangu, na mama yako anakoroga uji jikoni: naona aibu mbele yako kuliko mbele ya wazee wote wa Butiama.

Kwa hiyo robo ninayoiongeza haimo kwenye kitabu chochote. Kila nikifika mwisho wa hesabu namwona Makuru kachuchumaa, mkono umo ndani ya ufa, na mkono wangu unaandika zaidi wenyewe. Usiige. Robo si kanuni, ni hofu yangu tu. Wewe chimba shimo, tazama udongo ukiwa mkavu kisha umwagie maji uutazame tena, uliza aliyelima pale, jua maji yatatokea wapi, ndipo uanze kujumlisha. Na aliye chini yako akikuambia haitoshi, hata kama anakuaibisha mbele ya mteja, hata kama hajawahi kushika kikokotoo, muulize kwa nini, kisha ufunge mdomo umsikilize. Mteja mnaweza kupatana. Udongo hauna mazoea na mtu.

Naona nimeanza kuhubiri. Nimekwenda kunywa maji.

Nilipotoka kunywa nilikuandikia mistari minne, sasa nimeikata, utaona ilivyochafuka hapo juu. Niliandika kwamba kesho basi likisimama Bunda ushuke dakika kumi, uende kwenye kibanda cha Makuru, umpe barua hii aisome, umwambie baba anaomba msamaha. Nikaisoma. Nikaona ninachokifanya. Siku ile nilikuwa juu ya jukwaa langu nikamtuma Makuru kwenye ukuta wangu. Leo nimekaa kwenye kiti changu nataka nikutume wewe.

Basi nimempigia simu. Nilibonyeza jina lisilo lake kwanza. Alipopokea hakusalimia, aliuliza, "Kaka, nani amefariki?" Maana simpigii isipokuwa kwa msiba.

"Hakuna aliyefariki," nikasema. "Kesho nakuja huko."

"Kuna nini?"

"Ukuta wa Mwalimu. Nataka niseme ilivyokuwa. Kwako kwanza, na Jumapili tupande wote Butiama niseme mbele ya wazee."

Nilisikia mtu anapiga nyundo nyuma yake, nikasikia anamwambia aache. Halafu akasema, "Kaka, mimi ilivyokuwa naijua. Nilikuwepo." Akauliza, "Nyangeta anajua?"

Nikamwambia, "Jioni hii atajua."

"Unamwambia kwa mdomo?"

Nikasema ninaandika. Akacheka kidogo, kicheko ambacho sijakisikia miaka tisa, hakikuwa kizuri wala kibaya. Akasema, "Kuandika ni mwanzo. Lakini uje useme na mdomo, kaka, na yeye akiwepo anasikia. Nataka nikuone unavyosema." Akakata simu.

Nimekwenda stendi nimerudi. Mama yako anadhani nilikwenda kuhakikisha tiketi yako. Nimeongeza ya kwangu, kiti kilicho jirani na chako, mpaka Bunda. Jioni hii nitakupa barua hii kabla ya kula, na kama hutataka kukaa na mimi mezani nitaelewa. Makuru atakuwa stendi. Basi husimama pale muda wa watu kununua maji tu, lakini nimeongea na kondakta, amekubali kusubiri dakika kumi. Utashuka au utabaki kwenye kiti chako, hilo utaamua wewe, wala sitakusukuma. Nitasimama chini ya dirisha lako, pale utakaponisikia, nami nitaanza na zile tripu tisa za Makuru.

Nasikia geti. Umerudi.

Baba yako